Kwaresima imenishinda wiki ya pili, niache nisubiri mwakani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Gongo la Mboto, nauza duka la vitenge Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku, foleni ikichachamaa hata saa tatu. Jumatano ya Majivu nilijiwekea ratiba: rozari kila siku, sura moja ya Biblia, kuamka saa tisa usiku kusali na grupu letu la WhatsApp, kufunga Jumatano na Ijumaa bila kula wala kunywa mpaka jioni, na kuacha soda. Wiki ya kwanza nilijitahidi. Wiki hii ya pili nimekosa siku nne, nashika rozari kitandani nashtukia asubuhi iko chini ya mto. Ijumaa nilikunywa maji saa sita mchana maana kichwa kilikuwa kinapasuka. Kwenye grupu tumeambiwa ukikatisha unaanza upya siku 40, na siku ulizokula unazilipa. Lingine, nikifumba macho tu namuona wifi yangu, nilimpa laki nne za kikoba tangu mwaka jana hajarudisha na simu zangu hapokei. Naona kama Mungu amenikasirikia ndo maana sala haziendi. Je niache nisubiri mwakani nijipange vizuri? Na soda Jumapili naruhusiwa?

JIBU: Milele na milele, amina. Na marahaba mdogo wangu, pole na foleni, pole na joto.

Swali lako nimelisoma taratibu maana ndani yake kuna maswali kama matano, ila linalonigusa zaidi ni hilo la kuacha na kusubiri mwakani, kwa hiyo nalijibu kabla ya yote: usiache. Umebakiwa na wiki nne nzima mpaka Pasaka. Na ukweli ni kwamba hofu yako siyo soda wala yale maji ya Ijumaa, hofu yako ni kwamba Mungu alikuwa anakuangalia unakosa siku moja baada ya nyingine na sasa amekukunjia uso. Tukilielewa hilo mengine yote yatakuwa mepesi.

Kwanza hili la kulipa siku na kuanza upya. Hiyo sheria kwenye Kanisa haipo. Haipo kabisa, na aliyewaambia kwenye grupu nadhani hakuwa na nia mbaya, ila amechanganya vitu viwili. Sisi wa Dar tunaishi ukuta kwa ukuta na ndugu zetu Waislamu, mwaka 2025 na 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza ndani ya wiki moja, tunaona jirani anavyofunga bila hata tone la maji, tunaletewa futari, tunawaheshimu, na taratibu bila kujua tunaanza kupima mfungo wetu kwa kipimo cha mfungo wao. Mwislamu aliyekosa siku kwa ugonjwa au safari ana utaratibu wake wa kuilipa na ni utaratibu wa heshima kwenye dini yake. Kwetu hakuna siku za kulipa. Siku iliyopita imepita, unaiweka mikononi mwa Mungu unaendelea na ya leo.

Kanisa Katoliki linamtaka muumini afunge siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hiyo ni kwa mwenye miaka 18 mpaka atimize 59. Kufunga kwenyewe maana yake mlo mmoja kamili, na unaruhusiwa kula kidogo mara mbili zaidi ila hivyo vidogo vikijumlishwa visifikie mlo kamili. Maji hayavunji mfungo. Kuacha nyama siku zilizopangwa, yaani kujinyima, kunaanzia miaka 14. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha, mtu wa kazi nzito, hao hawafungwi na sheria hiyo. Hizo siku na hiyo miaka vimo kwenye Sheria za Kanisa, kanuni ya 1251 na 1252, ukimuuliza paroko wako atakufungulia uone. Sasa wewe ulijipangia kufunga mara mbili kwa wiki, kavu mpaka jioni, huku umesimama dukani unapanda ngazi unashusha majora ya vitenge kwenye joto hili la mwezi wa tatu. Yale maji ya saa sita hayakuvunja kitu chochote mdogo wangu. Yalikuokoa usianguke mbele ya wateja.

Na kuna tofauti kubwa kati ya azimio na nadhiri, hii watu wengi hawajaambiwa. Ukisema moyoni "Kwaresima hii nataka nisali rozari kila siku" hilo ni azimio, ni jambo jema, ukilegea unarekebisha tu. Nadhiri ni ahadi uliyomwekea Mungu kwa makusudi ukijua unajifunga. Kama uliweka nadhiri kweli na imekushinda, usiivunje kimyakimya wala usijitese nayo, nenda kwa paroko, ana mamlaka ya kukuondolea nadhiri binafsi kama kuna sababu ya haki. Ila kwa ulivyoandika naona ni azimio.

Hesabu ya siku 40 nayo niiseme maana inawachanganya wengi. Kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, ukitoa Jumapili sita zinabaki 40. Ni kipindi cha Kanisa zima, tunakitembea wote kwa pamoja, kinaanza siku moja na kufika Pasaka siku moja. Huwezi kukianza upya peke yako wiki ya tatu, utasherehekea Pasaka lini?

Tuje kwenye kushindwa kwenyewe. Hebu piga hesabu na mimi. Unarudi saa mbili au saa tatu, unapika au unapasha, unaangalia madaftari ya watoto, unafua sare, unalala labda saa tano. Saa tisa alamu inalia uingie kwenye maombi ya grupu, saa kumi na moja uko barabarani. Hayo ni masaa manne ya usingizi kwa siku, wiki mbili mfululizo, na siku mbili kati ya saba huna chakula tumboni. Halafu unapanda kitandani, taa imezimwa, unashika rozari, unataka ukae macho. Mwili umekudai usingizi wake na umejilipa. Hapo hakuna hasira ya Mungu wala shetani wa kukemewa, ni mwili uliochoka.

Fungua 1 Wafalme sura ya 19 uone Mungu anafanyaje na mtu aliyechoka. Elia amekimbia, amekata tamaa mpaka anaomba afe, amelala chini ya mti. Malaika anakuja, na angeweza kumsomea mashtaka yote, lakini anamgusa tu anamwambia ainuke ale. Kuna mkate na maji. Elia anakula, anakunywa, analala tena, na malaika hamzuii, anamwacha alale. Anarudi mara ya pili anamlisha tena kwa sababu safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Na ni kwa nguvu ya chakula kile ndo akatembea siku 40 usiku na mchana mpaka Horebu. Angalia mpangilio wake: usingizi na chakula vimetangulia, siku 40 zimefuata. Wewe umeanza na siku 40 bila mkate.

Na Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, yule mtawa Mkarmeli wa Lisieux kule Ufaransa ambaye Kanisa limempa cheo cha mwalimu, aliandika wazi kwamba alikuwa anasinzia kwenye sala zake, tena siyo mara moja mbili. Akasema wazazi wanawapenda watoto wao wakiwa wamelala sawasawa na wakiwa macho. Nakuambia hivi siyo ili uzoee kulala kwenye sala, hapana, nakuambia ili uache kuamini kwamba ukisinzia unamchukiza Mungu.

Kuna kitu kingine naomba ukiangalie vizuri kwa sababu ndicho kinachowatoa watu wengi kwenye Kwaresima. Siku ya kwanza ulikosa kwa uchovu. Ya pili, nahisi, ulikosa kwa aibu. Yaani mtu akikosa jana, leo akitaka kusali kitu cha kwanza kinachomjia ni lile kosa la jana, anajisikia vibaya, na ili asijisikie vibaya anakwepa sala, anachukua simu, anasema nitaanza Jumatatu. Kesho yake makosa ni mawili na aibu ni kubwa zaidi. Uchovu ungekula siku moja, aibu inakula wiki. Kwa hiyo dawa ya siku nne zilizokosekana siyo kuzilipa kwa rozari nne za mkupuo, hiyo inaongeza mzigo kwa mtu aliyekwisha elemewa. Dawa ni kurudi leo, kwa sala fupi, bila maelezo marefu. Mbona ukikosa daladala hurudi nyumbani kulala mpaka mwakani, unapanda inayofuata. Nabii Yoeli tunayemsoma Jumatano ya Majivu anasema turarue mioyo yetu wala si mavazi yetu, tukamrudie Bwana. Neno ni kumrudia, na anayerudi ni yule aliyekuwa ameondoka.

Sasa grupu la saa tisa usiku. Nitasema ninachoamini, na usinifikirie nadharau maombi ya usiku. Kusali usiku ni desturi ya zamani sana, watawa wanaamka usiku mpaka leo, na Yesu mwenyewe Marko 1:35 tunasoma aliamka kabla hakujapambazuka akaenda mahali pasipo watu kusali. Lakini mtawa anayeamka usiku amelala mapema na siku yake nzima imepangwa kuzunguka sala, hapandi gari ya Gongo la Mboto saa kumi na moja. Na Yesu huyohuyo, Marko 6:31, aliwaambia wanafunzi wake waende faragha wapumzike kidogo kwa sababu hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Hii habari kwamba saa tisa usiku mbingu zinakuwa wazi zaidi na mchana zinakuwa nzito haina msingi wowote, Baba anayeona sirini anakuona hata saa nane mchana umekaa kwenye stuli nyuma ya kaunta. Ushauri wangu toka kwenye maombi ya kila usiku. Ukipenda baki nao usiku mmoja kwa wiki, ule ambao kesho yake huendi dukani. Waage vizuri, waambie unawaombea, usieleze mengi.

Ukishapata usingizi tutafute dakika kumi. Nasema kumi kwa makusudi. Kumi za kweli kila siku mpaka Jumamosi Kuu zina uzito kuliko saa nzima unayoiota na huipati.

Alfajiri kabla ya kutoka ndo wakati mzuri kwa wengi, akili haijachafuka, watoto wamelala. Ubaya wake kwako ni kwamba itakubidi uamke saa kumi na robo, na ukiwa umelala saa tano bado usingizi ni mdogo. Kama mwenzio anaweza kukupokea kazi za usiku, watoto na vyombo, ukalala saa nne, basi chagua alfajiri. Mwombe, tena mwambie ni kwa ajili ya Kwaresima, wanaume wengi hawakatai wakiombwa waziwazi.

Njiani pia kunawezekana, na hapa uko na bahati ambayo huioni, Gongo la Mboto unapandia stendi, mara nyingi unapata siti. Jioni ndo tatizo, Kariakoo mnagombania mlangoni, hata ukigeuza na gari siti haina uhakika. Kwa hiyo asubuhi ukikaa, simu weka ndani ya pochi, usiitoe dirishani maana pale kwenye foleni Tazara inakwapuliwa mchana kweupe, tumia rozari ya kidole au vidole vyako kumi vinatosha. Kumi moja la rozari ni Baba Yetu mmoja na Salamu Maria kumi, dakika kama nne. Kutoka kwako mpaka mjini unamaliza makumi yote matano bila haraka, na ukifikia kumi la tatu gari ikajaa kelele, konda anagombana na abiria wa chenji, simama hapohapo, endelea kesho. Radio Maria nayo unaweza kuisikiliza kwa spika ya sikio moja, ila nikuonye kidogo, kusikiliza watu wakisali siyo lazima kuwa umesali wewe, ni rahisi redio ikasali peke yake. Itikia, hata kwa midomo tu.

Mchana dukani huwezi kupanga, mteja haji kwa ratiba. Usiku kitandani tumeshaona matokeo yake, kwa hiyo usiku ubaki na kitu kidogo sana ambacho nitakieleza chini.

Ninachokushauri ni hivi: rozari ihamie kwenye gari asubuhi, na zile dakika kumi za ukimya zikae dukani mara tu unapofika, kabla hujafungua mlango mzima, pale ambapo umeshaweka pochi chini na bado hujatundika mali. Kitu kipya kikiegemea kitu unachokifanya kila siku hukisahau, na duka lazima ulifungue. Ile sura moja ya Biblia acha kwa sasa, chukua Injili ya siku tu, ya misa. Kalenda ya liturujia inauzwa parokiani, ikining'inie hapo ukutani. Soma ile Injili mara mbili, ya pili taratibu. Neno moja au mstari mmoja utakukamata, usitafute uliyo mzuri, chukua uliokugusa au hata uliokuudhi. Kaa nao. Halafu mwambie Mungu kuhusu huo mstari kwa maneno yako, kama unavyoniandikia mimi, na dakika ya mwisho nyamaza tu mbele zake. Huu si utaratibu wangu, mtawa mmoja Mkartusi anaitwa Guigo aliupanga kwa ngazi nne huko karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Umedumu kwa sababu hata mtu mwenye dakika kumi na masomo ya darasa la saba anauweza.

Utakapotulia, wifi yako atakuja. Nataka ukae na aya hizi zaidi ya zote nilizoandika.

Umeniambia kama vile ni kikwazo, kwamba sala haziendi kwa sababu ya wifi. Mimi naona wifi ndo sala yenyewe inapoanzia. Mchana kutwa una wateja, kelele, mahesabu, hasira imekaa chini imefunikwa, ukinyamaza tu inapanda juu kwa sababu imepata nafasi. Ndivyo moyo wa kila mtu unavyofanya kazi, siyo wa kwako tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2729 inazungumzia hilihili: inasema kuanza kuyawinda mawazo yanayotuvuta ni kuingia kwenye mtego wake, inatosha kurudi moyoni, na kwamba lile wazo linatuonyesha tumeshikamana na nini. Kwa hiyo ukimuona wifi usipigane na sura yake. Sema, "Bwana, huyu hapa, na laki nne zangu hizi hapa, na ninavyomchukia simu asipopokea ndo hivi." Halafu rudi kwenye mstari wako. Akija tena sema tena. Hata kama dakika kumi zote zimekwisha kwa kumleta wifi mbele ya Mungu mara ishirini, umesali, na pengine umesali vizuri kuliko siku zote za wiki ya kwanza.

Na angalia kalenda, Jumanne ya wiki ya tatu, yaani Jumanne hii inayokuja, Injili ni Mathayo 18:21-35, yule mtumwa aliyesamehewa deni akaenda kumkaba mwenzake. Wahubiri wengi wanasema mwenzake alikuwa anadaiwa vijisenti. Siyo kweli. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, dinari mia ni siku mia za kazi, zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu alijua hilo deni ni la kweli na linauma, hakulidharau, alichofanya ni kuliweka pembeni ya talanta elfu kumi, na talanta moja peke yake ilikuwa kama dinari elfu sita. Kwa hiyo usijilazimishe kusema laki nne siyo kitu. Ni kitu. Ni za kikoba, huenda wenzio wanakudai marejesho na riba juu, na umewalipia kwa mtaji wa watoto wako. Anzia hapo kwenye ukweli, ndo usikie Yesu anakuambia nini.

Kusamehe siyo kusema hela ifutwe. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukamdai kwa heshima. Kusamehe ni kuacha kumtakia mabaya, kuacha kumlipiza, kuanza kumwombea hata kwa ubaridi. Kudai ni kazi ya familia, kwa hiyo usimpigie tena simu ya hasira saa nne usiku. Mwambie mume wako, ni dada yake, azungumze naye kwanza, ikishindikana shirikisheni shangazi au mtu mzima mnayemheshimu pande zote, mpangiane hata elfu ishirini kwa mwezi. Inawezekana hapokei simu kwa aibu ileile inayokufanya wewe ukwepe sala. Sina uhakika wa moyo wake, ila lifikirie. Na ukiona huwezi hata kutamka jina lake bila kutetemeka, mwombe Mungu akupe hamu ya kutaka kusamehe, hiyo peke yake ni sala nzuri kwa wiki nzima.

Usiku, kile kidogo nilichoahidi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha wenzake kuipitia siku mbele ya Mungu, na alisisitiza sana wasiiache hata wakikosa sala nyingine. Ukiwa unavua viatu tu, kabla hujafika kitandani: leo nashukuru nini, leo nimekosea wapi, kesho naomba nini. Dakika mbili. Fanya na watoto, kila mmoja aseme kimoja cha kushukuru, utashangaa wanavyoona vitu. Wakishalala na wewe lala, usichukue rozari kitandani, lala kama Elia.

Mfungo wako nao uupunguze uwe wa kibinadamu: Ijumaa bila nyama, mchana kula kidogo kuliko kawaida, maji kunywa. Jumatano iache. Njia ya Msalaba ifanye na jumuiya yako, vituo 14 ukivitembea na majirani husinzii, na siku ukipata nafuu Jumamosi au Jumapili wapeleke watoto kituo cha hija Pugu, ni pua na mdomo kutoka kwako. Wabenediktini walifungua misheni pale 1888, Januari ya mwaka uliofuata ikavamiwa na wamisionari wakauawa. Watoto wa Gongo la Mboto wanastahili kuijua hiyo historia.

Kuna mambo ambayo jibu langu la maandishi halitoshi. Kama una vidonda vya tumbo, kisukari, presha, uko na mimba, au unatumia dawa za kila siku ikiwemo ARV, usifunge kabla hujaongea na daktari au nesi wako, na mtu yeyote akikuambia uache dawa ili mfungo ukubalike, hata awe na jina kubwa kiasi gani, usimsikilize. Kile kichwa cha Ijumaa kikirudi siku ambazo umekula na umekunywa maji, nenda kapime presha.

Kama ile hisia kwamba Mungu amekasirika haiondoki hata baada ya kuungama, unarudia kuungama kitu kilekile, unahesabu Salamu Maria na kuanza upya ukihisi umetamka vibaya, huo ni wasiwasi wa dhamiri uliozidi kiasi, ni ugonjwa wa roho unaojulikana tangu zamani. Tafuta padri mmoja, mmoja tu, umweleze yote na umtii, usizunguke kwa mapadri watano. Na kama huzuni imekaa wiki mbili na zaidi, hulali hata ukipata nafasi, chakula hakipiti, au wazo la kwamba bora usiwepo limekujia, hapo usisubiri padri wala Pasaka, mwambie mtu wa nyumbani leoleo akupeleke hospitali, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili na hospitali za rufaa za mkoa zitakuelekeza. Kwenda huko siyo kukosa imani.

Kitubio usikiache kwa Juma Kuu, foleni zinakuwa ndefu mpaka nje na padri amechoka, utapata dakika mbili. Nenda wiki ya tatu au ya nne, siku ya kawaida jioni, au kama unapata nusu saa ya mchana angalia ratiba ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale karibu na feri, kutoka Kariakoo siyo mbali. Mwambie padri habari ya wifi, siyo soda.

Soda yenyewe sasa. Jumapili siyo siku ya kufunga, hata kwenye zile 40 haihesabiwi, kwa hiyo ukinywa Jumapili hujakosa lolote. Wapo wanaoshika moja kwa moja mpaka Pasaka kwa sababu wakionja Jumapili, Jumatatu inakuwa ngumu zaidi, wapo wanaokunywa kwa furaha ya ufufuko na Jumatatu wanaendelea vizuri tu, unajijua wewe uko upande gani. Amua leo, usiamulie mbele ya friji. Na ile hela ya soda za wiki nzima usiiache ipotelee kwenye nauli, iweke kwenye bahasha, Kwaresima ina sala, kufunga na sadaka, na hiyo ya tatu hukuitaja kabisa kwenye ratiba yako. Pale nje ya duka lako hakosi mbeba mizigo ambaye saa nane mchana bado hajala, anzia kwake.